Binamu yangu alikwenda Lisbon, mimi na mke wangu tukaenda Matisi



Mwezi uliopita binamu yangu anayeishi London alituma picha katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo wetu. Yeye na mkewe walikuwa wamekwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa wikendi moja tu: Ijumaa jioni kwenda, Jumapili usiku kurudi. Picha ya kwanza wako juu ya ngome ya São Jorge. Ya pili wako katika vichochoro vya Alfama. Ya tatu wamesimama kando ya kaburi la Vasco da Gama katika nyumba ya watawa ya Jerónimos, na chini yake binamu ameandika: "Huyu ndiye aliyetuanza." Ukoo mzima ukacheka.

Mke wangu alizitazama picha zile moja baada ya nyingine, kimya. Kisha akaniuliza, "Baba Salma, na sisi tutakwenda wapi?"

Nikamwambia mshahara wangu na Lisbon hawajuani.

"Sikutaja Lisbon," akasema. "Nimeuliza wapi. Umenioa miaka kumi na saba. Kwetu Matisi umefika mara mbili, ya kwanza posa, ya pili mazishi. Na mara zote mbili ulikuwa ukitazama saa."

Sikuwa na la kujibu. Mama Salma ni Mbukusu wa Kitale. Alisilimu kabla hatujaoana, anapika wali wa nazi kuwashinda shangazi zangu, na watoto wetu hawajui lafudhi nyingine ila ya Mombasa. Lakini kila penye kikao cha wanawake bado kuna anayemwita "yule mbara". Mimi nimelisikia neno hilo kwa miaka kumi na saba na nikalichukulia ni mzaha. Siku ile nikatambua kwamba yeye hakuwa akicheka.

Basi tukaenda Matisi. Nataka kueleza tulichokiona huko, kwa sababu niligundua kuwa nusu ya historia yetu sisi watu wa Pwani tumeiacha bara, na hatujawahi kurudi kuiulizia.

Mji wa kihistoria ni nini?

Tuanze na Lisbon, kwani ndiyo iliyoleta maneno. Mji ule ulikuwa chini ya Waislamu hadi mwaka 1147 ulipotekwa na mfalme Afonso Henriques. Jina la mtaa wa Alfama linatokana na Kiarabu, al-hamma, yaani chemchemi za maji ya moto. Novemba 1, 1755 tetemeko la ardhi likauvunja sehemu kubwa ya mji, wakaujenga upya. Mgeni anaposhuka pale leo, hayo yote anayakuta yameandikwa kwenye vibao, yamechapishwa katika vitabu, na kuna watu wanaolipwa kumweleza. Mawe ya Lisbon hayana utakatifu wowote kuliko mawe yetu. Tofauti ni kwamba watu wake wamekubali kuyasemea.

Sisi Mombasa tunalijua jambo hilo. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi ilipoanguka mwaka 1698, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia. Mtoto wa darasa la sita atakusimulia. Lakini muulize mtoto huyo huyo kuna nini Kitale, atakwambia mahindi. Na babake atamwambia amejibu vizuri.

Safari ya kwenda

Tuliondoka Alhamisi kwa treni ya alasiri kutoka Miritini hadi Nairobi. Kutoka hapo tukapanda basi la usiku, ambalo jina silitaji, likachelewa kuondoka kwa zaidi ya saa mbili na hakuna aliyetuomba radhi. Tukapita Nakuru na Eldoret gizani. Kulipokucha Ijumaa tulikuwa Kitale, na mimi nilikuwa natetemeka kama jani. Mji ule uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Pwani akienda na kanzu na shuka ya begani, atajuta.

Matisi ni mtaa mkubwa pembezoni mwa Kitale, katika kaunti ya Trans Nzoia na eneo bunge la Saboti. Usitarajie ngome wala mnara. Ni nyumba za mabati zilizobanana, vibanda vya mitumba, bodaboda, magunia ya mahindi, na watoto wengi wanaokimbia kwenda shule. Nyuma ya mji, mawingu yakiondoka, unauona Mlima Elgon umelala kama ng'ombe aliyeshiba.

Nilipofika kwa wakwe nikafanya kosa langu la kwanza. Nilimwona mama mkwe amesimama mlangoni, nikanyoosha mkono kwa heshima zote, "Shikamoo mama." Akarudi nyuma hatua mbili na kuficha mikono ndani ya leso. Watoto wa shemeji wakaangua kicheko. Mke wangu akaninong'oneza kuwa kwa Wabukusu mkwe wa kiume na mama wa mkewe huheshimiana kwa kutenga nafasi: hawapeani mikono ovyo wala hawakai karibu. Mara mbili nilizofika awali palikuwa na umati, hakuna aliyeniona nikikosea. Mama mkwe alinisalimu kutoka mbali, "Mulembe," kwa sauti ya upendo, na chai ya maziwa ikaletwa na shemeji.

Nilifikiri: miaka kumi na saba, na sikujua hata jinsi ya kumwamkia mama wa mke wangu. Yeye siku ya kwanza tu alipofika kwetu alitakiwa ajue kila kitu.

Kitale, mji wa njia panda

Baada ya sala ya Ijumaa na usingizi mrefu, Jumamosi asubuhi tukaenda Makumbusho ya Kitale. Historia yake ni ya ajabu kidogo. Ilianzishwa na afisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Luteni Kanali Stoneham, aliyekuwa na mapenzi ya kukusanya vipepeo, wadudu, ndege na vitu vya wenyeji. Alianza na mkusanyiko wake mwenyewe katika miaka ya 1920. Alipofariki mwaka 1966 aliacha wasia mkusanyiko huo uwe wa umma, na mwaka 1974 makumbusho mapya yakafunguliwa, ya kwanza ya aina yake nje ya Nairobi kwa upande wa bara. Nyuma ya jengo kuna msitu wa asili wenye njia ya miguu inayoteremka hadi mtoni. Humo tulitembea mimi na Mama Salma karibu saa nzima bila mtoto kutuita, jambo ambalo sikumbuki lilitokea lini mara ya mwisho.

Uani pamejengwa nyumba za asili za jamii za huko. Tulipofika kwenye nyumba ya Kibukusu, mke wangu akawa yeye ndiye mwongozaji. Akanionyesha nguzo ya katikati, mahali pa kulala mbuzi, mahali pa kukaa mzee. Alikuwa akizungumza kwa sauti ambayo sijaisikia Mombasa. Nikanyamaza nikasikiliza.

Mji wa Kitale wenyewe ni wa juzi. Walowezi wa Kizungu waliujenga mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wakaja baada ya Vita Kuu vya Kwanza, na mwaka 1926 reli ikafika kuchukua mahindi. Lakini kabla ya walowezi palikuwa na njia. Wenyeji husimulia, na vitabu vya wasafiri hurudia, kwamba hapo palikuwa kituo cha misafara iliyotoka pande za Uganda ikielekea pwani, na kwamba katika uwanja ambapo baadaye walowezi walijenga klabu yao palikuwa na duara la mawe walipofungiwa watumwa.

Hapo ndipo maneno "misafara kutoka pwani" yalipoanza kunikaa vibaya tumboni.

Misafara yetu

Tuliofundishwa historia shuleni tunaijua biashara hii kwa juujuu. Hebu niieleze ilivyokuwa ikifanya kazi.

Wafanyabiashara wa Bagamoyo, Pangani na Mombasa walikopa mtaji, mara nyingi kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, wakanunua nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba. Mizigo hiyo ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, kila mmoja karibu kilo thelathini, kwa miezi mingi. Kilichotafutwa zaidi ni pembe za ndovu. Njia ya kupitia nchi ya Wamaasai ilikuwa ngumu, ndiyo maana pande za Elgon zilifikiwa baadaye kuliko Tabora au Ujiji. Lakini zilifikiwa. Joseph Thomson, Mskochi aliyetumwa na Jumuiya ya Kijiografia ya Uingereza, alipoondoka Mombasa mwaka 1883 hakuwa anafungua njia mpya kama anavyosifiwa. Aliandamana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani aliyekuwa ameizoea nchi ya Wamaasai kabla yake. Wapagazi wake walikuwa watu wa pwani na visiwa. Mwisho wa mwaka ule wakafika kwenye mapango ya Mlima Elgon, ambayo mpaka leo ndovu huingia usiku kulamba chumvi ya mwambani.

Kwa hiyo babu zetu walifika hapa kabla ya Mzungu. Hilo tunapenda kujisifia. Lakini biashara ile ilikwenda na bunduki, na penye bunduki hapakosi mateka. Mkataba wa Sultan Barghash wa mwaka 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, lakini ndani ya bara mambo hayakuisha siku moja, na katika pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria hadi 1907.

Jioni ile baba mkwe, mzee wa kanisa la Friends mwenye maneno machache, aliniuliza tumetembea wapi. Nikamwambia. Akakaa kimya, kisha akasema, "Babu yangu alikuwa akisema watu wa Pwani walikuja na nguo mbele na bunduki nyuma." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekutajia hali ya hewa. Kisha akanisukumia sahani ya kuku.

Sikulala mapema usiku ule.

Chetambe

Jumapili alfajiri tukaaga, tukapanda matatu kwenda Webuye, kaunti ya Bungoma. Mama Salma ndiye aliyetaka. Juu ya mji kuna kilima kirefu, na juu yake ndiko ilikokuwa ngome ya Chetambe.

Wabukusu, ambao zamani wageni waliwaita Kitosh, na jirani zao Watachoni, walikuwa wakiishi ndani ya ngome za udongo zilizozungushiwa handaki refu. Walizijenga kujikinga na maadui na wezi wa ng'ombe. Mwishoni mwa mwaka 1894 kikosi cha askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Waingereza kilitumwa kutoka Mumias kwenda kuzichukua bunduki zilizokuwa zimeingia mikononi mwa Wabukusu. Wabukusu wakawaua. Mwaka 1895 Charles Hobley akaja na jeshi la kulipiza: askari wa Kisudani, mashujaa wa Kiganda na wengineo, pamoja na bunduki za rashasha. Ngome ya Lumboka ikaanguka, walionusurika wakakimbilia Chetambe, na Chetambe nayo ikaanguka. Watu wengi waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, wanawake na watoto wakatekwa.

Huko kileleni hakuna mengi ya kuona. Ukiwa hujui unapita. Lakini ukionyeshwa, unaona ardhi imeinama kwa mstari mrefu: ndilo handaki, limejaa nyasi. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaleta watu hapa kuwakumbuka waliokufa. Serikali ya kikoloni ilitishika. Huwezi kuogopa handaki la nyasi isipokuwa unajua limebeba nini.

Mke wangu alisimama ukingoni muda mrefu. Akaniambia nyanya yake alikuwa akiwatisha watoto wakorofi kwa kuwaambia, "Nitawapa wale wa bunduki." Nikamuuliza wale ni nani. Akasema, "Hatukujua. Wazungu, Wasudani, Waswahili, kwetu walikuwa kitu kimoja."

Wengi wa askari wale wa Kisudani walikuwa Waislamu. Na bunduki zilizoleta ugomvi ule, baadhi zilifika kwa mikono ya misafara ya biashara. Mimi sikuwapo, wala wewe msomaji hukuwapo, na hakuna mbebaji wa mzigo wa mwenzake. Qur'ani imelisema hilo wazi. Lakini kutobeba dhambi si ruhusa ya kutojua. Nilimwambia Mama Salma maneno ambayo ilinipasa kumwambia zamani: "Nisamehe kwa lile neno 'mbara'. Nimelisikia likitajwa mbele yangu nikanyamaza."

Akasema, "Leo umekuwa wewe mgeni. Umeona kunavyokuwa?"

Nikasema nimeona. Tukateremka kwenda maporomoko ya Nabuyole katika Mto Nzoia, tukakaa juu ya jiwe, tukala mkate wa sinia aliokuwa ameubeba tangu Mombasa. Maji yale yanapiga kelele nyingi, mtu na mkewe wanaweza kuzungumza bila kusikiwa na yeyote.

Mumias, upande wa pili wa habari

Ningeishia hapo ningekuwa nimesema nusu. Kutoka Webuye tulipitia Bungoma hadi Mumias, nchi ya miwa, na huko nikakutana na sura nyingine ya babu zetu.

Wafalme wa Wawanga, Nabongo Shiundu na kisha mwanawe Nabongo Mumia, waliwapokea wafanyabiashara wa Pwani badala ya kupigana nao. Misafara ikapumzika hapo, ikanunua chakula, watu wengine wakaoa na kubaki. Pamoja nao kukaja nguo, Kiswahili na Uislamu. Mumia mwenyewe aliingia katika Uislamu, na akaishi hadi mwaka 1949. Leo Mumias ni moja ya ngome za zamani za Uislamu magharibi mwa Kenya. Tuliswali hapo Adhuhuri na Alasiri kwa kuzikusanya na kuzipunguza kama inavyomruhusu msafiri, na imamu aliposikia tumetoka Mombasa akatukaribisha kama ndugu waliopotea.

Lakini hata hapo kuna funzo. Urafiki wa Mumia na wageni ulimpa nguvu juu ya jirani zake. Waingereza walipotawala waliwateua ndugu zake kuwa machifu, na Murunga, nduguye, akawekwa juu ya Wabukusu. Kumbe kilichokuwa neema kwa mmoja kilikuwa mzigo kwa mwingine. Ukisikia Wawanga peke yao utapata hadithi moja, ukisikia Wabukusu utapata nyingine, na zote ni za kweli.

Desemba 1901 reli ikafika Kisumu, na misafara ya miguu ikapoteza kazi yake. Mwaka uliofuata eneo lote hili, lililokuwa likihesabiwa ni la Uganda, likahamishiwa kwenye nchi ambayo leo ni Kenya. Pwani ikaanza kutazama baharini, bara ikaanza kutazama Nairobi, na tukasahauliana. Baada ya miaka zaidi ya mia moja tunaitana majina.

Ukitaka kwenda

Kwa wanaoniuliza: siku nne zinatosha, pamoja na za njiani. Beba sweta na koti la mvua. Chukua tende na halua kwa wenyeji, zitakufungulia milango kuliko pesa. Ukipata siku ya ziada, Saiwa Swamp iko karibu na Kitale, mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini, iliyowekwa kwa ajili ya nzohe, swala wa majini. Kupanda Chetambe tafuta mwenyeji wa kukuonyesha, na umsikilize. Na kama mke wako, au mumeo, ni wa huko bara, usiende kama mtalii. Nenda kama mkwe.

Binamu yangu nimemtumia picha moja tu. Ni Mama Salma amesimama ukingoni mwa handaki, nyasi zimemfika magotini, leso yake inapeperushwa na upepo. Akaniuliza, "Hapo ni wapi?" Nikamjibu ni mahali ambapo na sisi tuliwahi kuwaanza watu. Hakucheka. Alisema akija Mombasa Desemba, nimpeleke.

Na Mama Salma? Juzi katika kikao cha arusi ya jirani, kuna bibi mmoja alimwita tena "yule mbara". Safari hii nilikuwapo, na sikunyamaza. Nilisema, "Bibi, huyo ana jina. Na kwao nimefika."